Watiri Haambiwi Kitu

Siku tuliyomzika mume wangu Mutahi, nduma zilifika lakini aliyezichemsha hakufika. Zilikuja ndani ya kiondo, magimbi yamefungwa kwa majani ya mgomba, katikati bado yana joto. Mama aliyenikabidhi akasema, "Hizi ni za Watiri." Nikamwuliza, "Na Watiri mwenyewe?" Akaangalia chini, akasema ati Watiri hajisikii vizuri. Hajisikii vizuri! Dada wa marehemu, dada wa pekee aliyebaki, aliyembeba Mutahi mgongoni walipofiwa na mama yao, anatuma nduma kama jirani wa mbali. Lori zima la watu wa Wamagana, kijijini kwao Mutahi, lilikuwa limesimama pale kwetu Nanyuki, hata wazee wa kushikiliwa mikono walikuwa wamepandishwa, na yeye hakuwemo.

Nilikasirika, jamani. Nilikasirika hadi machozi yakakauka. Kiondo nilikisukuma chini ya meza, na kingeozea hapo kama si Nadifa, jirani yangu mwenye duka, aliyezitoa watu walipoondoka, akazipasha moto, akanilazimisha kula. Zilikuwa zimeiva vizuri sana, na hiyo iliniudhi zaidi.

Lakini niwaambie kwanza Watiri ni nani, ili mjue kwa nini mimi, Ngendo, niliwaka hivyo.

Miaka hiyo ya tisini simu ilikuwa kitu cha watu wa mjini. Mtu akifa, habari ilitembea kwa miguu, na kule Wamagana miguu hiyo ilikuwa ya Watiri. Hakuna aliyemchagua. Wengine walikuwa wakisimama langoni na kupiga mayowe, "Fulani amekufa!" na mama wa watu anaangukia moto. Watiri alikuja kama mtu anayepita tu. Akikukuta unamenya viazi, anatafuta kisu kingine, mnamenya pamoja. Anaepua sufuria motoni. Anawatuma watoto kuteka maji. Halafu anakuambia keti, na ukisikia Watiri anakuambia keti, moyo unakudunda, lakini angalau umeketi. Hasemi ametutoka, hasemi amelala. Anataja jina na kusema amekufa. Kisha haendi popote. Anakaa na wewe mpaka umetia kitu mdomoni. Ndivyo alivyoishi, mjane bila mtoto, na nyumba yake haikukosa wageni, maana mtu uliyelia mbele yake humpiti tu barabarani.

Mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa na Abdille, rafiki ya Mutahi wa biashara ya ng'ombe, ambaye walikuwa wakienda pamoja soko la Doldol miaka nenda miaka rudi. Abdille ni mtu mzuri. Lakini alisimama mlangoni, nguo zimejaa vumbi la Doldol, machozi yanamtiririka, akasema, "Mama Moffat, Mutahi amekwisha," na mimi nimesimama na sufuria ya maziwa mkononi. Maziwa yalinichoma mguu, na kovu liko hapa mpaka leo. Nilipojikuta chini, wazo la kwanza lilikuwa kwamba Watiri atakuja. Atakuja, na atajua la kufanya. Nilimngoja siku zote za matanga. Kila lango lilipolia nilitoa macho.

Na alikufaje? Alikufa akicheka. Alikuwa ameuza fahali kwa mnunuzi mmoja msumbufu sana, na alikuwa anawaigizia wenzake jinsi yule mtu alivyokuwa akimkagua fahali meno. Katikati ya kicheko mguu ukakataa, mdomo ukaenda upande. Daktari akaniambia ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Nikamwambia daktari huyo asinichezee. Mutahi? Mtu asiyejua kununa? Akaniuliza kama hajawahi kupewa dawa. Alikuwa amepewa, ndiyo. Alizimeza kidogo, kisha akaweka mkebe juu ya kabati akasema, "Ngendo, presha ni ya watu wa mawazo. Mimi niko na mawazo gani?" Na kweli hakuwa na mawazo.

Basi matanga yakaisha, watu wakarudi kwao, na mimi nikabaki na hasira yangu. Nikafunga kitambaa changu cheusi kichwani, nikashuka Wamagana kumpa Watiri maneno yake. Nilikuwa nimeyapanga tangu Nanyuki, moja baada ya jingine, na la mwisho lilikuwa baya.

Nilimkuta jikoni anapembua maharagwe. Aliponiona aliinuka mpaka kigoda kikaanguka na maharagwe yakamwagika.

"Ngendo! Wifi yangu! Na yeye umemwacha wapi?"

"Yeye nani?"

"Si Mutahi! Ama amebaki kwa barabara na ng'ombe zake? Gicheru aliniambia nduma zilifika. Ati alikula zote, akasema hakuna mtu anajua kuchemsha nduma kama mimi."

Yale maneno niliyoyapanga yakapotea yote. Huyu mama alikuwa anacheka, ananishika mikono, anangoja nimjibu kuhusu nduma. Halafu macho yake yakapanda kichwani kwangu, yakakaa pale kwenye kitambaa.

"Na hii nyeusi?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, Gicheru akaingia bila hodi, anahema, na akina mama wawili wa kanisa nyuma yake. Gicheru ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Kumbe alikuwa ameniona nikipita kituo cha kupimia majani chai, akatimua mbio na umri wake wote.

"Mama Moffat, karibu, karibu sana!" akasema kwa sauti ya juu. "Dada Watiri, huyu amefiwa na mtu wa kwao, mtu wa mbali tu, si kitu. Mutahi ako sawa kabisa. Ako Doldol." Akanikonyeza.

Nilitamani kumtupia kile kigoda. Mtu huyu aliomba kwenye kaburi la mume wangu! Alichukua udongo kwa mkono wake akautupa, nikamwona, kisha akapangusia kiganja kwenye koti. Nikavuta pumzi nimpasulie. Lakini Watiri aliinua mkono kunizuia. Akaenda pale kwenye moto, akaepua sufuria, akaiweka chini polepole.

"Gicheru, keti," akasema.

"Aa, dada, sisi tunapita tu..."

"Keti. Na nyinyi pia ketini. Ngendo, kaa hapa karibu na mimi."

Hapo ndipo sote tulipoelewa. Wale akina mama kila mmoja alikuwa amewahi kuambiwa keti na Watiri katika maisha yake. Mmoja alianza kulia hata kabla ya kukaa.

"Mutahi amekufa," Watiri akasema. "Ndugu yangu amekufa, na nyinyi mmemzika."

Wee! Akina mama wakamrukia, mmoja anamshika kiuno, mwingine anampepea na aproni. Gicheru anapiga kelele, "Mshikeni! Ni presha! Mshikeni asianguke!"

"Niacheni," Watiri akasema. "Nani ameanguka? Mimi nimesimama." Na alikuwa amesimama. Anayetetemeka alikuwa Gicheru. Watiri akamtazama. "Wewe uliniletea salamu, Gicheru. Mtu ako ndani ya udongo, na wewe unaniletea salamu zake."

"Tulikuwa tunakulinda, dada," Gicheru akasema, naye akaanza kulia, mzee mzima. "Tulikuwa tunakulinda tu." Na nitasema ukweli hata kama unaniuma: hakuwa anadanganya. Alimaanisha.

Watiri akawaambia waende. Walipoondoka alikaa chini kwenye yale maharagwe yaliyomwagika, akalia, nami nikalia naye, na ile hasira niliyoibeba kutoka Nanyuki sikujua niiweke wapi.

Baadaye ndipo alinisimulia. Miezi kadhaa kabla ya Mutahi kufa, nesi mmoja wa zahanati alikuwa amekuja uwanja wa kanisa na mashine yake ya kupima, watu wakapanga foleni baada ya ibada. Alipofika kwa Watiri alimpima, akampima tena, akamwambia mbele ya watu, "Mama, uko na presha, na iko juu. Dawa ni kila siku, hata ukijisikia mzima. Chumvi upunguze. Urudi nikuangalie." Maneno ndiyo hayo. Lakini waliokuwa wamesimama pale walisikia neno moja tu, presha, na presha waliijua tayari. Presha ni mawazo. Presha huletwa na habari mbaya. Si kuna mama wa kule juu aliyeambiwa mwanawe amepata ajali akaanguka palepale? Basi wakakubaliana jioni hiyo hiyo, kwa upendo kabisa, kwamba Watiri asiambiwe kitu. Ya dawa hakuna aliyeuliza. Chumvi ndiyo kwanza wakamwongezea kwenye supu, ati apate nguvu.

Na kijiji kizima kikiamua kukupenda namna hiyo, utakoma.

Kwanza walimnyang'anya kazi yake. Watu wakifa, habari ilipelekwa na miguu mingine. Akisikia mayowe ng'ambo ya bonde anaambiwa ni redio. Halafu redio yake ikaazimwa, kwa sababu ya matangazo ya vifo, ikarudishwa haina betri. Akiingia kwenye mkutano wa chama cha akina mama, wanawake wawili waliokuwa wanakaribia kushikana mashati wananyamaza, wanaanza kusifu mvua. Kuku wake akaibwa, jirani akaleta mwingine wa rangi hiyo hiyo, akamfungia bandani kimyakimya.

"Ngendo, mimi sijui kuku yangu?" akaniuliza. "Nikamlisha tu yule mgeni. Ningefanya nini? Nikiuliza wanasema, 'Mama, usifikirie sana.'"

Nikataka kucheka, lakini uso wake haukuruhusu.

"Siku moja nikasema kwa chama ati mwaka huu majani chai imelipa vizuri sana. Imelipa vizuri! Unajua vile ilikuwa. Nikangoja mtu anibishie, hata anitukane. Ngendo, hakuna mtu alibisha. Walisema ndiyo mama, ni kweli mama. Nikarudi hapa nikafunga mlango, nikaogopa. Nikajiuliza, ama mimi nilikufa na sikuambiwa?"

Kisha wakaacha kuja. Mwenye mzigo moyoni aliogopa kuuleta kwake, asije akamuua. Asiye na mzigo hakuwa na la kusema. Watoto waliambiwa wasipige kelele karibu na boma lake, wakaanza kupitia njia ya juu. Watiri alikaa mlangoni asubuhi hadi jioni anasikiliza barabara. Alianza kuongea na mbuzi. "Mbuzi angalau alikuwa ananikatalia," akasema.

Siku ya lori walimwambia ni harambee ya kanisa huko Nanyuki. Alitaka kwenda, wakasema lori linarusha sana, si zuri kwa presha. Basi akashuka mtoni alfajiri, akang'oa nduma, akachemsha, akawaomba wampitie ndugu yake. Alisimama pale kuwapungia mkono.

"Niliona hawaimbi," akaniambia. "Watu wakienda harambee wanaimba, hata kabla gari iwashwe. Hawa walikaa wamefunga midomo na leso zao. Niliona, Ngendo. Lakini kila mtu alikuwa ameniambia nisifikirie, nikajikataza kufikiria."

Nilimshika mkono. Tulikuwa watu wawili ambao kila mmoja alimngoja mwenzake wiki hizo zote, mmoja Nanyuki, mwingine Wamagana.

Ilipofika saa ya chakula nikakumbuka kumwuliza dawa iko wapi. Akanionyesha kwa kidevu mkebe ulio juu ya kabati. Nikaushusha nikautikisa. Umejaa.

"Humezi?"

"Nameza nikiudhika," akasema. "Sasa nani ananiudhi? Wote wananichekea."

Maneno kama hayo niliyasikia nyumbani kwangu. Nikafungua mfuko wangu. Mkebe wa Mutahi nilikuwa natembea nao, sijui kwa nini, mjane hubeba vitu vya ajabu. Nikauweka mezani karibu na ule wake.

"Huo ni wa nani?"

"Wa ndugu yako. Wifi, sikiliza. Hakuna mtu aliyempa habari mbaya. Hakugombana na mtu. Aliuza fahali vizuri, akawa anacheka, na presha ikamwangusha akiwa hapo kwenye kicheko. Dawa ilikuwa kabatini. Hawa watu wako wangekunyamazia mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo ingekukuta hapa kimya kimya unapembua maharagwe."

Watiri akachukua mkebe wa Mutahi, akautikisa karibu na sikio, akaurudisha mezani. Kisha akaenda kuteka maji, akameza kidonge kutoka kwenye mkebe wake, mbele yangu, amenikazia macho kama mtu anayekula kiapo.

Kesho yake tukaenda kwa nesi. Akampima, akatugombeza wote wawili hata mimi nisiyehusika, akampa dawa nyingine na siku ya kurudi. Tulipotoka pale nilidhani tunarudi nyumbani. Watiri akakata kona, akashuka nyumba ya kwanza karibu na mto.

Alimkuta mwenyewe anafua. Akafua naye mpaka shuka la mwisho likaanikwa. Akamwambia keti. Yule mama akaketi, ingawa alikula wali kwangu siku ya mazishi, ingawa nilimwona kwa macho yangu akiongezwa sahani.

"Ndugu yangu Mutahi amekufa," Watiri akasema. "Alikuwa na presha. Hakuwa na mawazo, hakuletewa habari mbaya, alikuwa anacheka. Dawa alikuwa nayo na hakumeza. Mimi pia niko na presha. Nimemeza asubuhi."

Tukakaa mpaka yule mama akanywa uji. Tukaenda nyumba ya pili. Tukaenda nyumba zote, jamani, miguu yangu ikavimba. Kila mahali keti, kila mahali maneno yale yale, na watu walilia kilio ambacho sikukisikia kwenye kaburi. Mzee mmoja aliinuka katikati ya kilio, akaingia chumbani, akarudi na pakiti ya vidonge iliyojaa vumbi, akamwonyesha Watiri. Watiri akamwambia aipeleke kwa nesi. Kama alikuwa anawaadhibu sijui, sikumwuliza. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Gicheru. Huyo alipoambiwa keti hakubisha, na uji wake alikunywa.

Nilifikiri mambo yamekwisha, lakini aibu nayo ni ukuta. Watu sasa walimkwepa kwa sababu waliona haya. Nikirudi Nanyuki anabaki peke yake na mbuzi, na kila nikishuka kumwona namwuliza, "Kuna mtu amekuja?" Ananijibu, "Bado." Anameza dawa yake asubuhi, anavaa viatu vyake vya njia, viatu vya kwendea nyumba za watu, anakaa navyo mlangoni hadi jua linatua. Mimi pia nyumbani kwangu nilikuwa nakaa hivyo, ila sikuwa na cha kungojea. Niliogopa atakufa hivyo, amevaa viatu na hana pa kwenda.

Ndipo asubuhi moja, nikiwa nimelala kwake, lango likalia. Ni Gicheru. Ameshika kofia mkononi, macho mekundu. Akasimama hapo uani, akakohoa, akaulizia mbuzi. Akasema mvua ya mwaka huu si mbaya. Akasema migomba ya huku imependeza. Alizungusha kofia mpaka nikadhani ataichana.

Watiri alikuwa ameshainuka, anafunga leso kichwani.

"Gicheru," akamwambia, "nimemeza dawa. Sema."